Nakala ya Mtumaji

Ofisini walimwita Bi Kabati, na jina hilo hakupewa kwa bahati mbaya. Alikuwa mrefu, mpana wa mabega, asiyecheka ovyo, na neno likishaingia kwake halikutoka. Ungeweza kumsimulia umbea mtamu kuliko wote wa mwaka mzima, naye angeguna mara moja, akalamba kidole, akafunua ukurasa mwingine, na umbea wako ukafia hapohapo mezani. Watu humpenda mtu wa namna hiyo wala hawamchunguzi. Wangemchunguza kidogo tu wangegundua kwamba kabati lile lina mlango wa nyuma, na anayeujua ni mtu mmoja, mdogo wake.

Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya duka la miwani. Ukimaliza ngazi unakuta ukumbi mwembamba wenye benchi, kisha chumba cha mshauri, kisha chumba cha kumbukumbu alimokaa Bi Kabati, na pembeni mwake kijichumba kilichotengwa kwa pazia. Bango halikuwepo. Wanawake waliofika pale walikuwa wameelekezwa na mtu aliyeelekezwa na mtu. Walikuja na mabegi, wengine na mifuko ya plastiki, wengine na mtoto tu mgongoni na viatu visivyofanana. Walikuwa wamezikimbia nyumba zao kwa sababu ya kipigo, na kazi ya ofisi ilikuwa moja: kuwatafutia pa kujificha. Nyumba za kuwapokea zilitawanyika katika miji kadhaa, na aliyezigawa alikuwa mtu mmoja aliyekaa mbali, ambaye pale ofisini walimjua kwa cheo tu, Mratibu.

Kila mwanamke alijaziwa fomu kwenye kompyuta: yuko wapi kwa sasa, anapatikana kwa simu ipi, ana watoto wangapi, ndugu gani anajua alipo. Fomu hiyo ikimfikia mume, basi kazi yote imekwenda na maji. Kwa hiyo fomu zilifungwa. Zamani zilifungwa kwa neno moja la siri. Ukiliandika, programu inayachanganya maandishi mpaka yanakuwa takataka ya herufi na tarakimu. Ukiliandika tena neno lilelile, maandishi yanarudi yalivyokuwa. Neno hilo walilijua watu watatu, yaani Bi Kabati, mshauri na Mratibu. Na kwa kuwa mshauri alikuwa msahaulifu wa kupindukia, lilikuwa limebandikwa pia chini ya droo, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Siku hizo ndipo mdogo wake Bi Kabati alipoachwa na mkewe kwa mara ya kwanza.

Alikuwa kitindamimba wa mama yao, na nyumbani mpaka leo wanamwita Mziwanda ingawa ana ndevu na karakana yake ya useremala. Bi Kabati alimbeba mgongoni tangu yeye mwenyewe akiwa na miaka tisa, mama yao alipokuwa akishinda kazini. Alimfundisha kutembea, kufunga kamba za viatu, kupenga kamasi. Mtu uliyempenga kamasi ni vigumu sana kumwona kama wengine wanavyomwona. Bi Kabati alisikia, kama majirani walivyosikia, kwamba Mziwanda ana mkono mwepesi, na moyoni akasema watu wanatia chumvi. Kisha siku moja mkewe akapanda zile ngazi, mtoto mkononi, jicho limevimba, akakaa mbele ya meza yake.

"Wifi," alisema, "sina pengine pa kwenda."

Bi Kabati aliijaza ile fomu mwenyewe. Baada ya wiki Mratibu akairudisha ikiwa imeongezwa anwani ya nyumba waliyopelekwa, naye akaifunga kwa neno la siri na kuiweka mahali pake.

Mziwanda alikuja siku ya kumi. Hakufoka wala hakutisha mtu. Alikaa kwenye benchi akalia mpaka mabega yakacheza, akasema anataka kumwomba mkewe msamaha, basi, amwangukie miguuni, akikataliwa atarudi zake. Bi Kabati aliinuka, akafunga mlango wa chumba cha kumbukumbu, akaandika lile neno. Faili likafunguka kwa utii. Alitoka akamwambia mtaa na rangi ya geti.

Siku nne baadaye wifi yake alikuwa amerudishwa nyumbani, mkono wa kushoto umo ndani ya plasta. Aliyeuliza aliambiwa ameteleza bafuni. Bi Kabati alikwenda, akamfulia nguo, akamchana nywele mtoto. Wifi yake alisema asante, kisha akamtazama kwa muda mrefu kuliko asante inavyohitaji.

Ofisini uchunguzi ulifanyika, na lawama zote zikaangukia kile kikaratasi cha chini ya droo. Walisema msafishaji amekiona, au fundi wa umeme, au nani sijui. Mshauri alilia kwa aibu. Bi Kabati alikuwa anapanga mafaili wakati huo, na aliendelea kupanga. Kama kuna jambo katika maisha yake alilolionea haya kuliko yote ni huko kuendelea kupanga mafaili.

Basi akaletwa mtaalamu wa kompyuta. Alikuwa msichana mwenye miwani mikubwa na mdomo usiotulia, na kwa kuwa kila sentensi yake ilianza na "kitaalamu," wakamwita hivyohivyo, Mtaalamu. Alikiona kikaratasi, akakibandua kwa ncha za vidole viwili.

"Kitaalamu, mama, hili neno lenu halikuwa na ubaya," alimwambia Bi Kabati. "Hesabu yake ni nzuri mno. Hata mwizi akikaa na kompyuta yake miaka, hatoki na kitu. Ubaya ni kwamba ufunguo unaofunga ndio huohuo unaofungua. Kwa hiyo kila anayepaswa kufunga, lazima umwamini kwamba hatafungua. Na ufunguo wenyewe lazima usafiri, wewe umpe huyu, huyu ampe yule, na kila unapopita unaacha unyayo."

"Sasa dawa yake?"

Mtaalamu alitoa mkobani kufuli la kawaida, lile la kubonyeza, likiwa wazi, akalisukuma mezani.

"Funga."

Bi Kabati akalibonyeza. Likalia ta.

"Haya, lifungue."

"Ufunguo uko wapi?"

"Ninao mimi, nyumbani. Sikuja nao. Umeona? Umefunga bila kuwa na ufunguo. Mratibu atatutumia kufuli lake likiwa wazi. Si kufuli la chuma, ni tarakimu ndefu tu, nasi hata tukilibandika ukutani hakuna shida, kila mtu alione, kila mtu alichukue. Kazi yake ni kufunga. Ufunguo wa kulifungulia ni tarakimu nyingine, na hiyo haitoki kwake hata siku moja. Ukijua ya kwanza huwezi kuipata ya pili. Wanawake watajifungia fomu zao wenyewe mle ndani ya pazia. Wewe utatuma tu."

Bi Kabati aliligeuza kufuli mkononi. "Hata aliyeandika? Akishafunga hawezi kufungua alichoandika mwenyewe?"

"Hata yeye."

"Na mimi ninayetunza?"

"Hata wewe, mama."

"Hata nikitaka sana?"

Mtaalamu alidhani yule mama ni mzito wa kuelewa, akaanza upya, kwa upole, kama anayemweleza bibi yake matumizi ya simu. Hakujua kwamba Bi Kabati alikuwa ameelewa tangu lile kufuli lilipolia. Aliuliza mara tatu kwa sababu alitaka kulisikia jibu mara tatu.

Akaeleza na yaliyobaki. Kumbe ule mtindo wa zamani wa ufunguo mmoja haukutupwa. Kwa kila fomu programu hujitungia ufunguo mdogo wa mara moja, usio na kichwa wala miguu, nao ndio unaofunga maandishi, maana ni mwepesi na una kasi. Kisha ufunguo huo mdogo ndio unaotiwa ndani ya kufuli la Mratibu. Haumpitii mtu yeyote, hausemwi kwenye simu, hauandikwi chini ya droo. Unafika umefungwa.

"Kuna jambo moja," Mtaalamu alisema akiwa karibu kumaliza, kishale kimesimama juu ya kisanduku kidogo kwenye skrini. Kilikuwa na alama ya tiki, na mbele yake maneno: mtumaji pia aweze kufungua. "Ukikiacha hivi, ule ufunguo mdogo unafungwa mara mbili, kwa kufuli la Mratibu na kwa kufuli lako. Watu wengi wanapenda, ili waweze kusoma barua walizotuma. Nikuachie?"

"Toa."

"Itakusaidia siku faili—"

"Mwanangu, toa hiyo tiki."

Akaitoa. Bi Kabati naye alitengenezewa kufuli lake na ufunguo wake wa siri, ili aweze kupokea barua. Ufunguo ulikaa ndani ya flashi nyeusi, fupi kuliko kidole gumba, aliyoivaa shingoni kwa uzi, nao haukufanya kazi bila neno la siri alilolijua yeye peke yake. Mtaalamu alitaka kutunza nakala ya pili. Bi Kabati alikataa, akasema moja inamtosha.

Miezi ya mwanzo alikuwa na desturi ambayo hakumwambia mtu. Kila fomu mpya ilipofungwa, aliichomekea flashi yake na kujaribu kuifungua. Kila mara programu ilimjibu kwamba faili halikufungwa kwa ufunguo wake. Alilisoma jibu hilo polepole kama anayesoma majibu ya hospitali yaliyotoka mazuri, kisha anaendelea na kazi. Baadaye akaacha. Alikuwa ameanza kuamini, na mtu akishaamini huchoka kujaribu.

Barua nazo zikaja. Wanawake waliokwisha tulia huko waliko walimwandikia kupitia kwa Mratibu, wakazifunga kwa kufuli lake yeye. Mmoja alikuwa amepata kazi ya kushona. Mwingine aliandika mistari miwili tu, kwamba mtoto wake sasa analala bila kuvaa viatu. Katika miaka miwili zilifika kumi na nne. Alizihifadhi zikiwa zimefungwa, na kila siku ambayo kumbukumbu ya plasta ilimrudia, alichagua moja, akaifungua, akasoma, akaifunga tena.

Kisha wifi yake akaja mara ya pili.

Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Safari hii jicho lilikuwa zima. Alikuwa na begi lililopangwa vizuri na mtoto amevaa sare ya shule, ishara kwamba wametoka kama wanaokwenda siku ya kawaida. Alisimama mlangoni mwa chumba cha kumbukumbu wala hakuketi.

"Nimesikia siku hizi mtu anajiandikia mwenyewe."

"Unajiandikia mwenyewe, wifi, hata mji utakaojificha ukisubiri nyumba. Mle ndani. Ukimaliza unabonyeza hapo, inajifunga. Anayefungua ni mtu wa mbali, wala hanijui wala hakujui."

"Na wewe?"

"Mimi siwezi kusoma."

"Hutasoma, au huwezi?"

Swali hilo lilimwingia Bi Kabati mpaka kwenye mfupa, kwa sababu ndipo alipojua kwamba wifi yake amejua siku zote. Hakuna mwanamke anayeuliza hivyo kwa kubahatisha.

"Siwezi," alisema. "Hata nikitaka."

Wifi yake alimtazama, akamkabidhi mkono wa mtoto, akaingia ndani ya pazia. Vibonye vililia kwa dakika kumi. Mtoto alikaa mapajani mwa shangazi yake akihesabu vifungo vya blauzi. Walipoondoka, mtoto alipunga mkono mpaka kwenye kona ya ngazi.

Alhamisi, Mziwanda akatokea.

Bi Kabati alimsikia kabla hajamwona. Alizijua hatua zake kwenye ngazi, ile ya kulia nzito kidogo. Alitoka ukumbini haraka, asije akakutana na mshauri. Mdogo wake alikuwa amekonda, ana vumbi la mbao kwenye nyusi, na mkononi ana mfuko wa karatasi wa duka la dawa.

"Dada."

"Sina la kukwambia. Nenda nyumbani."

"Sijaja kugombana. Mtoto ameondoka bila dawa yake ya pumu." Akakaa kwenye benchi, akauweka mfuko pembeni yake. "Unakijua kifua chake kikibana. Unajua mwenyewe, ulishamkeshea."

Alijua. Alishamkeshea mara mbili, akisikiliza ule mluzi mwembamba ukitoka kifuani.

"Niachie. Nitampa Mratibu, ataifikisha."

"Mratibu ataifikisha lini? Wiki ijayo? Mimi nina pikipiki ya rafiki yangu hapo chini. Niambie mji tu, Dada. Sitaki nyumba, sitaki mtaa. Mji."

"Niachie dawa."

"Nitakuachia," alisema, lakini mkono wake ulibaki juu ya mfuko. Bi Kabati aliuona mkono huo. Aliuona na akajilazimisha kutouona, kwa sababu mdogo wake alikuwa ameanza kulia, na kilio chake kilikuwa kilekile cha alipokuwa mtoto wa miaka minne, kinachoanzia kwenye kidevu.

"Hata kama ningependa, siwezi," alimwambia. "Si kama zamani. Haifunguki kwangu."

"Unaniapia?"

"Nakuapia."

"Umejaribu?"

Akaishika flashi shingoni.

"Hujajaribu," Mziwanda alisema. "Unaniapia kitu ambacho hujakijaribu. Jaribu basi. Ikikataa nitaondoka, na hutaniona tena hapa. Nakula yamini kwa mama."

Hapo ndipo Bi Kabati alipojidanganya, na mimi sitamtetea. Alijiambia kwamba anakwenda kujaribu ili kiapo chake kiwe kiapo kweli. Alijiambia kwamba akirudi na lile jibu zuri la zamani, mdogo wake atakata tamaa, na kukata tamaa kutamponya. Aliyasema hayo moyoni akiwa anatembea, na miguu ilikuwa na haraka ambayo sababu hizo hazikuwa nayo. Akafunga mlango, akakaa, akaivua flashi shingoni akaichomeka, akalitafuta faili la Jumatatu.

Alibofya akasubiri jibu.

Jibu halikuja. Kilichokuja ni kisanduku cheupe katikati ya skrini, na ndani yake kishale kinapepesa. Weka neno la siri la ufunguo wako.

Alikaa akikitazama, mdomo wazi. Programu haikuwa inamkatalia. Ilikuwa inamwomba neno. Na haiombi neno kwa mtu ambaye faili halimhusu.

Alirudi nyuma, akafungua ukurasa wa mipangilio, akashuka mpaka kile kisanduku kidogo alichokikumbuka. Tiki ilikuwepo. Mtumaji pia aweze kufungua. Miezi miwili nyuma programu ilikuwa imejisasisha yenyewe asubuhi moja, ikazima na kuwasha kompyuta, na wao wakafurahi kwamba rangi zimependeza. Kumbe ilirudi ilivyozaliwa, na tiki yake ikarudi nayo. Hakuna aliyetazama. Yeye, aliyekuwa akijaribu kila fomu, alikuwa ameshaacha kujaribu. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wamepita ndani ya lile pazia tangu siku hiyo, na kila mmoja Bi Kabati alikuwa amemwambia, siwezi kusoma, na kila mmoja alikuwa amemdanganya bila kujua. Wa kumi na moja alikuwa wifi yake.

Huwezi, au hutasoma?

Kile kisanduku cheupe kiliendelea kungoja. Neno lake la siri lilikuwa na maneno manne, na vidole vilikuwa vinalijua vyenyewe, kama vinavyojua kufunga kilemba. Angeliandika akiwa amefumba macho. Sekunde nane, kumi. Angeona mji tu. Angefunika chini ya skrini kwa mkono asione mtaa, asione namba. Kisha angemwambia mji, basi, miji ni mikubwa, na mtoto angepata dawa. Ukutani, upande wa pili, alisikia mdogo wake akikohoa kidogo, kile kikohozi cha mtu anayefuta machozi.

Alikuwa ameshaandika maneno mawili kati ya manne aliposhtuka kwamba anaandika.

Aliondoa mikono kwenye vibonye, akaikalia. Ndivyo ilivyokuwa, mwanamke mzima wa miaka hamsini na moja, amekalia mikono yake mwenyewe kama mtoto aliyekatazwa kugusa, na machozi yanamtoka. Alijionea huruma, akajichukia. Miaka miwili alikuwa amedhani kwamba amebadilika. Alikuwa hajabadilika kitu. Alikuwa tu amekaa mbali na ufunguo.

Aliwaza kumpigia Mtaalamu. Mtaalamu angefika kesho, na kabla ya kesho hiyo yeye angekuwa amekesha usiku mzima na kile kisanduku, na Mziwanda angekuwa kwenye benchi tena. Aliwaza kutoa tiki, akaitoa, lakini tiki ni ya fomu zijazo. Zile kumi na moja zilikuwa tayari na kufuli lake. Faili akilifuta, nakala iko kwenye hifadhi ya ofisi, naye ndiye mtunza hifadhi. Kila alikokimbilia alijikuta amefika mwenyewe na flashi yake.

Ilibaki njia moja, kuivunja flashi yenyewe. Mratibu alikuwa na ufunguo wake. Hakuna mwanamke ambaye angepotea. Ambacho kingepotea ni zile barua kumi na nne.

Angeweza kuzifungua kwanza, moja moja, azichape, azitie bahasha. Ilikuwa kazi ya robo saa. Alinyoosha mkono kwenye kipanya, kisha akaurudisha. Alijijua sasa. Ili afungue barua lazima amalizie lile neno, na vidole vikishalimaliza mara moja havitauliza faili gani linafuata. Akaichomoa flashi bila kusoma hata moja.

Kwenye meza ya pembeni kulikuwa na mashine ya kukatia karatasi, ile yenye kisu kirefu cha mkono. Akaiweka flashi chini ya kisu, katikati, akabonyeza kwa uzito wa mwili wote. Ganda likapasuka halafu kisu kikagoma. Akainua, akashusha tena, na safari hii kikapita. Ndani kulikuwa na kipande cheusi kama ukucha, kimekatika vipande viwili. Akavikata viwili hivyo vikawa vinne. Wakati wa kuvikata alikuwa anasema majina ya waandishi wa barua, yale aliyoyakumbuka, kisha yakamwishia, akaendelea kukata kimyakimya. Yule mtoto aliyelala bila viatu, mama yake aliandikaje hasa? Maneno yenyewe yalikuwa tayari yanamponyoka.

Alifuta uso kwa upande wa ndani wa kilemba, akatoka.

Mziwanda aliinuka. Uso wake ulikuwa umekauka kabisa.

"Niachie dawa," Bi Kabati alisema, na hakungoja. Aliuchukua mfuko kutoka chini ya mkono wake, akauvuta, naye kwa mshangao akauachia. "Itafika kesho. Mratibu ana watu wake."

"Umejaribu?"

"Nimejaribu."

"Ikakataa?"

Angeweza kusema imekataa. Lingekuwa jibu jepesi, na mdogo wake angekwenda zake. Lakini alikuwa amechoka na kunyamaza kwake kwa miaka miwili, na kule kupanga mafaili.

"Ilikubali," alisema.

Mziwanda alipiga hatua moja mbele. "Kumbe. Kwa hiyo unajua aliko."

"Sijui. Sikusoma. Na ufunguo nimeukatakata, vipande viko mezani, nenda ukavione."

Alichungulia mlangoni, akaona mashine, akaona vipande. Alikaa akivitazama kwa muda, fundi anayejua kwa jicho kitu kinachoungika na kisichoungika. Alipogeuka, sauti yake ilikuwa imepoteza kilio chote, imebaki na hasira tu, na Bi Kabati akaisikia kwa mara ya kwanza kama mkewe alivyokuwa akiisikia.

"Ulikuwa nayo mkononi, Dada. Ilikuwa imekubali. Kwa nini hukusoma?"

"Kwa sababu ningekwambia."